Neno *ceann* la Kiayalandi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Neno *ceann* lina maana gani?

Maana yake ya kwanza ni kichwa, kile kilichokaa juu ya shingo ya mtu au mnyama. Kutoka hapo limeenea mbali. Ni ncha au mwisho wa kitu kirefu, iwe kamba, barabara au mwaka. Ni paa la nyumba. Ni rasi inayochomoza baharini. Ni mkuu wa watu. Na katika mazungumzo ya kila siku, ambako linatumika kuliko kote, ni «kimoja»: kitu kilichokwisha kutajwa ambacho msemaji hana haja ya kukitaja tena kwa jina.

Kamusi huzipanga maana hizi kwa namba, na mwanafunzi huzikariri kana kwamba ni maneno sita yaliyogongana tahajia. Kwa maoni yangu hapo ndipo ugumu unapoanzia. Hili ni neno moja, na maumbo yake yote ya ajabu ajabu (*cheann, gceann, cinn, chinn, cionn, chionn*) yana sababu inayoelezeka. Ukiijua sababu, sehemu kubwa ya sarufi ya Kiayalandi inafunguka pamoja nayo.

Linatamkwaje?

Inategemea unaongea na mtu wa wapi. Munster, kusini, husema karibu na «kyaun». Connacht, magharibi, husema «kyaan» kwa a ndefu. Ulster, kaskazini, husema «kyan», fupi. Hakuna lahaja iliyo sahihi kuliko nyingine. Kiayalandi kina tahajia na sarufi sanifu, ile inayoitwa *An Caighdeán Oifigiúil* iliyotolewa 1958, lakini matamshi sanifu hakina.

Herufi e usiitamke. Kazi yake ni kukuonyesha kwamba c iliyo mbele yake ni laini, yaani inatoka huku ulimi umepanda kwenye kaakaa, ndiyo maana inasikika kama ina y ndani yake.

Asili yake ni wapi?

Katika Kiayalandi cha Kale, lugha ya maandishi ya watawa wa karne ya 8 na ya 9, neno liliandikwa *cenn*. Nyuma ya hapo wanaisimu wamelijenga upya umbo la Kikelti cha awali, lugha mama ya Kiayalandi na Kiwelisi: *kʷennom. Nyota ina maana kwamba umbo hilo halijakutwa limeandikwa popote, limepatikana kwa kulinganisha lugha ndugu. Sauti ya mwanzo ilikuwa «kw», na hili si la kubuni tu, kwa sababu lipo jiweni. Ogham, maandishi ya mistari iliyochanjwa kwenye kona za mawe kuanzia takriban karne ya 4, yana herufi ya peke yake kwa sauti hiyo, ambayo sisi leo huiandika Q. Katika mawe hayo limo jina QENUVENDI, «wa Kichwa-cheupe», yaani mwenye nywele nyeupe au za rangi ya dhahabu. Baadaye «kw» ikapoteza ule mviringo wa midomo, ikabaki «k» tu, ambayo Kiayalandi huiandika c.

Je, nyuma ya Kikelti? Hapo wataalamu hawajaafikiana. Kilatini kina *caput*, ambalo watu wengi hudhani ni ndugu yake kwa kuwa yote mawili huanza na sauti ya k, lakini sheria za mabadiliko ya sauti haziruhusu kuyaunganisha.

Nimeambiwa *ceann* na *pen* la Kiwelisi ni neno moja. Kweli?

Kweli kabisa, na huu ni mmoja wa mifano mizuri zaidi katika isimu ya Ulaya. Ile «kw» ya Kikelti cha awali iligawanyika njia mbili. Upande wa Ayalandi ikawa k. Upande wa Wales, Cornwall na Bretagne ikawa p. Kwa hiyo *ceann* kwa Waayalandi, *pen* kwa Wawelisi, *penn* kwa Wabretoni. Ukienda ncha ya magharibi ya Ufaransa utakuta jimbo linaloitwa Finistère; kwa Kibretoni ni *Penn-ar-Bed*, kichwa cha dunia, yaani mwisho wake. Mji wa Penzance huko Cornwall ni «rasi takatifu». Na Wawelisi wana methali inayosema *A fo ben, bid bont*: anayetaka kuwa kichwa, na awe daraja.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko Uskoti. Mtawa Bede, akiandika mwaka 731, alieleza ukuta wa Waroma unaokatiza nchi (tunaouita ukuta wa Antoninus) na kusema kwamba mwanzo wake wa mashariki uko mahali ambapo Wapikti (wenyeji wa kale wa Uskoti) wanapaita *Peanfahel* na Waingereza *Penneltun*. *Pean* ni ile *pen*, na sehemu ya pili ni ukuta: «kichwa cha ukuta», yaani mwisho wa ukuta. Baadaye wasemaji wa Kigaeli, lugha ndugu ya Kiayalandi, walipoenea sehemu hizo, walibadilisha kichwa kwa kichwa: wakatoa *pean*, wakaweka *ceann* yao. Mahali hapo leo panaitwa Kinneil, karibu na mji wa Bo'ness. Mtu anayesoma kibao cha barabarani pale anasoma historia ya lugha mbili zilizopokezana nchi.

Kwa nini naona *ceann*, *cheann*, *gceann*, *cinn*, *chinn* na *cionn*? Ni maneno tofauti?

Ni neno lile lile. Kuna mambo mawili yanayofanyika, moja mwanzoni mwa neno na jingine ndani yake. Tuyachukue kwa zamu, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa.

Mwanzoni. Kiayalandi hubadilisha konsonanti ya kwanza ya neno kufuatana na neno lililotangulia. Badiliko la kwanza ni ulainishaji, unaoandikwa kwa kuongeza h: *ceann* linakuwa *cheann*, na sauti inakaribia kh ya «kheri», ila nyepesi zaidi, na kwa wasemaji wengi ni kama «hy» tu. La pili ni ufunikaji: herufi mpya inawekwa mbele na kuifunika ya zamani. *Ceann* linakuwa *gceann*, na kinachosikika ni g tu. C imebaki kwa ajili ya jicho.

Tazama neno dogo *a*, ambalo ni «-ake» na pia «-ao»:

*a cheann*: kichwa chake (cha mwanamume)
*a ceann*: kichwa chake (cha mwanamke)
*a gceann*: kichwa chao

Neno la kumiliki ni lile lile mara tatu. Anayemilikiwa ndiye anayebadilika na kukuambia mwenyewe ni nani. Zamani, kabla ya maandishi ya watawa, maneno haya matatu yalitofautiana miisho. La mwanamume liliishia kwa irabu, na konsonanti iliyofuata, ikiwa imebanwa katikati ya irabu mbili, ikalegea. La mwanamke liliishia kwa s, iliyoikinga konsonanti isilegee. La wingi liliishia kwa sauti ya puani, iliyoingia ndani ya neno lililofuata na kuifanya k kuwa g. Miisho ikapukutika, athari ikabaki.

Sasa ndani ya neno. Umoja ni *ceann*, lakini «-a kichwa» ni *cinn*: *tinneas cinn*, maumivu ya kichwa. Kwa nini e imegeuka i? Kwa sababu umbo la kale la kumiliki liliishia kwa irabu î, kitu kama *kwennî*, na irabu hiyo ya mwisho iliivuta e iliyo mbele yake hadi ikawa i. Vivyo hivyo umbo lililotumika baada ya baadhi ya vihusishi liliishia kwa û, *kwennû*, likatoa *ciunn* katika Kiayalandi cha Kale na *cionn* leo. Miisho haisikiki tena tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, lakini nafasi yake imehifadhiwa katikati ya neno.

Kwa kifupi cha matumizi: umoja *ceann*; umiliki wa umoja *cinn*; wingi *cinn*; umiliki wa wingi *ceann* tena. Na *cionn* halitembei peke yake siku hizi, linaishi ndani ya virai vichache tu ambavyo tutavifikia.

Ni la jinsia gani?

La kiume. Katika Kiayalandi cha Kale halikuwa la kiume wala la kike. Lugha ilikuwa na jinsia ya tatu, na *cenn* lilikuwa humo. Jinsia hiyo ilipokufa, neno likahamia upande wa kiume, ndipo likachukua wingi wa *cinn* kwa kufuata wenzake wa huko.

Kwa nini wanasema *dhá cheann* lakini *trí cinn*, kisha *seacht gcinn*?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na linastahili nafasi.

Kwanza ujue kwamba kwa kawaida Kiayalandi huhesabu kwa umoja. Kitabu ni *leabhar*. Vitabu vitatu ni *trí leabhar*, neno kwa neno «tatu kitabu». *Ceann* ni miongoni mwa maneno machache yanayokiuka: lenyewe linataka wingi baada ya namba. Hesabu inakwenda hivi: *ceann amháin* (kimoja), *dhá cheann* (viwili), *trí cinn, ceithre cinn, cúig cinn, sé cinn* (vitatu hadi sita), kisha *seacht gcinn, ocht gcinn, naoi gcinn, deich gcinn* (saba hadi kumi). Ukifika ishirini, linarudi umoja: *fiche ceann*.

Mbili inalainisha na inabaki na umbo la umoja. Kiayalandi cha Kale kilikuwa na hali ya «uwili», tofauti na umoja na wingi, na *dhá cheann* ni mabaki yake.

Tatu hadi sita zinachukua wingi bila kubadili mwanzo.

Saba, tisa na kumi zinafunika. Namba hizi zamani ziliishia kwa sauti ya puani. Kilatini bado kinazionyesha: *septem, novem, decem*. Ile m au n ya mwisho ndiyo iliyoingia katika neno lililofuata. Nane haikuwa na sauti hiyo (Kilatini ni *octo*), ila kwa kukaa katikati ya saba na tisa iliiga majirani zake.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna haki ya kulielewa jambo hili haraka. Tukihesabu tunasema «kimoja, viwili, vitatu» au «mmoja, wawili, watatu», na kiambishi cha ngeli kinabeba kumbukumbu ya kitu kinachohesabiwa hata kama hakikutajwa. Kiayalandi hakina viambishi hivyo. Namba haiwezi kusimama peke yake badala ya kitu, lazima ishikwe mkono na nomino. *Ceann* ndilo linalofanya kazi hiyo.

Naweza kulitumia kuhesabu watu?

Hapana. *Ceann* ni la vitu na wanyama. Watu wana namba zao: *duine* (mtu mmoja), *beirt* (wawili), *triúr* (watatu), na kuendelea. «Mmoja wa walimu» ni *duine de na múinteoirí*. Ukisema *ceann de na múinteoirí* utaeleweka, lakini utakuwa umewaweka walimu pamoja na viti.

Mifugo inahesabiwa hivyo vizuri kabisa: *fiche ceann* za ng'ombe ni ng'ombe ishirini.

Nataka kusema «chekundu» au «hiki kidogo». Ninafanyaje?

Huwezi kukiacha kivumishi kikae peke yake. Sema *an ceann dearg* (chekundu), *an ceann beag* (kidogo), *an ceann seo* (hiki), *an ceann eile* (kingine), *an ceann is fearr liom* (ninachokipenda zaidi). Haijalishi kitu chenyewe ni cha kiume au cha kike katika sarufi. Ukishaingia *ceann*, mambo yote yanafuata jinsia ya *ceann*.

Kwenye wingi kuna jambo la kuangalia: *na cinn dhearga* (vyekundu), *na cinn bheaga* (vidogo). Kivumishi kimelainishwa, kwa sababu *cinn* ni wingi unaoishia kwa konsonanti laini. Kosa hili ni la kawaida sana hata kwa watoto wa shule wa Ayalandi kwenyewe.

Dukani utauliza *Cé mhéad atá ar an gceann seo?*, hiki ni bei gani? Huko Ulster watasema *ar an cheann seo*. Kusini na magharibi hufunika baada ya *ar an*, kaskazini hulainisha, na zote mbili ni Kiayalandi safi. Jibu linaweza kuwa *dhá euro an ceann*, euro mbili kila kimoja. Waliosoma historia ya Afrika Mashariki chini ya ukoloni watakumbuka «kodi ya kichwa»: kutumia kichwa kama kipimo cha kutoza si jambo la Ayalandi peke yake.

Tofauti ya *os cionn*, *thar ceann* na *thar cionn* ni nini?

*Os cionn* ni «juu ya» kwa maana ya kuwa juu bila kugusa: *os cionn an dorais*, juu ya mlango. Pia ni «zaidi ya»: *os cionn míle*, zaidi ya elfu. Hapa *cionn* ni lile umbo la kale la baada ya kihusishi, limeganda na halibadiliki.

Ukitaka kusema «juu yangu», kiwakilishi hakiji mwishoni. Kinaingia katikati: *os mo chionn* (juu yangu), *os do chionn* (juu yako), *os a chionn* (juu yake, mwanamume), *os a cionn* (juu yake, mwanamke), *os ár gcionn* (juu yetu). Wazungumzaji wa Kiingereza hutoka jasho hapa. Sisi tunasema «juu yangu, mbele yetu, nyuma yao» tangu utotoni, kwa kiambishi cha kumiliki, kwa hiyo wazo lenyewe si geni; ni mpangilio tu.

*Thar ceann* ni «kwa niaba ya»: *thar ceann an rialtais*, kwa niaba ya serikali, *thar mo cheann*, kwa niaba yangu.

*Thar cionn* ni «bora sana». *Bhí an béile thar cionn*: chakula kilikuwa kizuri kupindukia. Irabu moja tu inayatenganisha haya mawili, basi kuwa mwangalifu unapoandika barua rasmi.

Na *i gceann* na *go ceann*?

Yote mawili ni ya wakati, na yote mawili yanafuatwa na umbo la kumiliki. *I gceann seachtaine* ni «baada ya wiki moja» kuanzia sasa. *Go ceann seachtaine* ni «kwa muda wa wiki moja» kuanzia sasa.

*Beidh mé ar ais i gceann seachtaine.* Nitarudi baada ya wiki.
*Ní bheidh mé ar ais go ceann seachtaine.* Sitarudi mpaka wiki ipite.

Wazo la mwisho au ncha ndilo linaloongoza: la kwanza linakuweka kwenye ncha ya wiki, la pili linakutembeza mpaka kwenye ncha hiyo. Usikariri tafsiri, kariri picha ya ncha. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika *ó cheann ceann na tíre*, nchi nzima toka pembe hii hadi ile, na katika *dul i gceann oibre*, kuanza kazi, yaani kuikamata kwenye ncha yake.

Kwa nini spika wa bunge la Ayalandi anaitwa *Ceann Comhairle*?

Ni «mkuu wa baraza». *Comhairle* ni ushauri, na pia watu wanaokaa kushauriana. Cheo hiki kimekuwapo tangu Dáil Éireann ilipokutana kwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 21 Januari 1919, na Cathal Brugha akakikalia siku hiyo. Hata wanaozungumza Kiingereza bungeni hulitumia jina la Kiayalandi bila kulitafsiri.

Desemba 2024 Verona Murphy alichaguliwa, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Sarufi haikutikisika: *ceann* ni nomino ya kiume na imebaki ya kiume, kama vile kwetu «kiongozi» anavyobaki na umbo la ki-vi awe nani. Mbunge akimwita husema *A Cheann Comhairle*, kwa kulainisha, kwa kuwa *a* ya kuita hulainisha. Naibu wake ni *Leas-Cheann Comhairle*, na hapo *leas-* ndiyo iliyolainisha.

Familia ya maana hii ni kubwa: *ceannaire* ni kiongozi, *ceannas* ni mamlaka, *ceannasaí* ni kamanda. Halafu kuna za maandishi: *ceannlíne*, kichwa cha habari, na *ceannlitir*, herufi kubwa.

Je, jina Kennedy limetokana na neno hili?

Ndiyo. Kennedy ni *Ó Cinnéide*, mzao wa Cinnéide. Jina hilo alikuwa nalo Cennétig mac Lorcáin, mfalme wa Dál gCais (ukoo wa Munster) aliyefariki mwaka 951, baba wa mfalme mkuu Brian Bóruma aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Sehemu ya kwanza ni *cenn* bila ubishi. Ya pili kwa kawaida inasomwa *étig*, isiyopendeza, kwa hiyo «mwenye kichwa kibaya». Wapo pia wanaoisoma kama vazi la vita, «mwenye kofia ya chuma». Majina ya utani ya aina ya kwanza yalikuwa ya kawaida sana miongoni mwa wafalme wa zama hizo, na hayakuwavunjia heshima.

John F. Kennedy alizuru kijiji cha Dunganstown, Wexford, alikotoka babu wa baba yake, mwezi Juni 1963. Miaka mitatu kabla, akiwa bado seneta, alikutana na Tom Mboya, na mfuko wa familia yake ukasaidia kulipia ndege za kuwapeleka wanafunzi wa Afrika Mashariki katika vyuo vya Marekani. Leo Kenya ina wanaume wengi walioitwa Kennedy kama jina la kwanza. Kila anayeitwa kwa jina hilo Kisumu au Nakuru anabeba silabi iliyotoka katika *cenn* ya karne ya 10.

Na Kenneth?

Hapana, ingawa linafanana. Kenneth linatokana na majina mawili mengine, *Cináed* na *Coinneach*, na hakuna kati yake lenye *ceann* ndani.

Majina ya mahali yenye *Kin-* na *Ken-* yote yana *ceann*?

Mengi, si yote. Yaliyo ya uhakika: Kinsale ni *Cionn tSáile*, kichwa cha maji ya chumvi, yaani mahali ambapo maji ya bahari yanapoishia yakipanda mtoni. Angalia kwamba ni *cionn*, si *ceann*. Majina ya mahali husemwa zaidi pamoja na vihusishi, «huko», «kutoka», «mpaka», kwa hiyo umbo la baada ya kihusishi ndilo lililoganda. Malin Head, kaskazini kabisa mwa kisiwa, ni *Cionn Mhálanna* kwa sababu hiyo hiyo. Ventry ni *Ceann Trá*, kichwa cha ufuo. Kenmare ni *Ceann Mara*, kichwa cha bahari, ila ajabu ni kwamba wenyeji wakizungumza Kiayalandi huuita mji huo *Neidín*, kiota kidogo; jina la *ceann* limebaki kwa Kiingereza tu.

Kusini mwa Kinsale kuna rasi ambayo Kiingereza huiita Old Head na Kiayalandi *An Seancheann*, Kichwa cha Kale. Mbele ya rasi hiyo ndipo meli ya Lusitania ilipozamishwa tarehe 7 Mei 1915.

Ng'ambo, Uskoti, kuna Kintyre, kichwa cha nchi, na Kingussie, kichwa cha msitu wa misonobari. Na mfalme Malcolm III wa Uskoti, aliyefariki 1093, anajulikana kama Canmore, *Ceann Mór*, kichwa kikubwa au mkuu mkubwa. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba jina hilo lilikuwa la kitukuu wake Malcolm IV, kwa kuwa kumbukumbu za Ayalandi zinampa yeye jina la *Cenn Mór* zinapotaja kifo chake mwaka 1165. Mimi naona hoja yao ina nguvu.

Ubongo ni *inchinn*. Kuna uhusiano?

Upo, na ni wazi: *in* na *cenn*, kilicho ndani ya kichwa. Wagiriki walitunga neno lao *enképhalos* kwa njia hiyo hiyo.

Neno hili lina kisa chake. Kulikuwa na msomi aitwaye Cenn Fáelad, mwana wa Ailill, aliyefariki 679. Jina lake mwenyewe lina *cenn*, kichwa cha mbwamwitu. Hadithi inasema alijeruhiwa kichwani katika vita vya Mag Rath mwaka 637, akapelekwa Tuaim Drecain kutibiwa. Katika matibabu walimtoa *inchinn dermait*, ubongo wa kusahau. Nyumba aliyolazwa ilikuwa mahali njia tatu zinapokutana, katikati ya shule tatu: ya sheria, ya ushairi, na ya elimu ya Kilatini. Mchana alisikia yaliyofundishwa katika shule zote, hakusahau hata moja, na usiku akayaandika. Mapokeo yanamhesabu miongoni mwa waandishi wa *Auraicept na nÉces*, mwongozo wa kale wa sarufi ya Kiayalandi. Lugha iliyompa mtu huyu sifa ya kuwa baba wa sarufi ilimfikia kupitia kichwa kilichopasuka.

Kuna misemo gani ninayoweza kuanza kuitumia leo?

*Tá tinneas cinn orm*, naumwa kichwa. Neno kwa neno, kuna maumivu ya kichwa juu yangu. *Bhí ceann faoi air*, aliona aibu: kichwa kilikuwa chini. *Teach ceann tuí*, nyumba ya kuezekwa kwa nyasi, ambapo *ceann* ni paa. *Ceanndána*, mkaidi, mwenye kichwa kigumu kama tunavyosema sisi. Na *ceannbhán*, kichwa-cheupe, ni lile jani la matopeni lenye mashada meupe kama pamba linalofunika maeneo ya mboji mwanzoni mwa kiangazi.

Nimekuta *chinn sé*. Ni kichwa chake?

La. Hicho ni kitenzi *cinn*, kuamua: *chinn sé* ni «aliamua». Kinafanana tahajia na wingi wa *ceann*. Utakitambua kwa kiwakilishi kinachofuata moja kwa moja. Nomino haifuatwi na *sé* kwa namna hiyo.

Nitalitafutaje katika kamusi?

Kamusi huorodhesha umoja usiobadilishwa tu. Ukikutana na *gceann*, ondoa g. Ukikutana na *chinn*, ondoa h upate *cinn*, kisha rudisha i kuwa *ea* upate *ceann*. *Chionn* hivyo hivyo: ondoa h, na utafute kirai kizima, kwa maana *cionn* bila neno lililolitangulia halitakusaidia.

Tovuti ya teanglann.ie, inayoendeshwa na Foras na Gaeilge (taasisi ya kukuza Kiayalandi), ina kamusi ya Ó Dónaill ya 1977 nzima bila malipo, pamoja na sauti zilizorekodiwa za lahaja zote tatu. Andika *ceann*, sikiliza Munster, Connacht na Ulster kwa mfululizo, halafu shuka chini ukasome mifano. Chukua virai vinne tu kwa kuanzia: *an ceann seo*, *trí cinn*, *os mo chionn* na *i gceann seachtaine*. Ndani yake umo umoja, wingi baada ya namba, umbo lililoganda na ufunikaji.